Bia ya Kumposa Wakonyo

Treni ilipotoka Karatina, Moffat alifungua dumu alilolipakata, akamimina bia nyeusi kifunikoni, akampa mzee aliyeketi karibu naye. Mzee alionja kidogo, akatazama dirishani. "Kijana, hii ni chai ya nani imepoa?"

"Ni stauti, mzee. Nimeitengeneza na mkebe wa kimea cha bia ndugu yangu alileta kutoka Uingereza. Wazee wetu wananingoja Kiganjo twende kuposa. Baba ya Wakonyo akikataa kuinywa, hakuna maneno tena."

"Na maji ulitia kiasi gani?"

"Mara mbili ya yale yameandikwa kwa mkebe. Wazee wa kwao Wakonyo ni wengi, nikaona ni aibu wengine wakose."

Mzee alicheka kwa sauti kuliko kelele za treni. "Ati uliwaonea huruma! Sasa wamekosa wote. Itie asali, uiache wiki moja ichachuke tena."

"Wiki? Tunaenda leo!"

"Basi peleka muratina, pombe yetu ya asali, kama watu wengine."

"Muratina ingepikwa na mama. Hii nimeipika mimi."

"Inajulikana," mzee alisema.

Treni ikasimama Kiganjo. Moffat akanyoosha mkono apewe kifuniko chake. Kilirudi kitupu, mzee akilamba midomo.