Kumuaga Bi Polly, Ngano Ingali Shambani

Mheshimiwa Meya wetu, Mama Glenys Aasen; Baba Padri Bohdan; wazee wa kanisa; akina mama wa jikoni, ambao najua mnanisikia kupitia dirisha la kutolea vyakula; majirani zetu wa Borivka na wa mashamba yote ya kaskazini hadi kwenye reli; ndugu na jamaa mliosafiri kutoka Regina, Saskatoon na Edmonton; na wewe mdogo wangu Metro, uliyechagua kiti cha karibu kabisa na mlango: habari za mchana.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Sonia, mtoto wa kwanza wa marehemu Pelahia Woroniuk. Jina hilo hapa kwetu hakuna aliyelitumia isipokuwa karani wa wilaya, na Baba Padri leo asubuhi. Kwenu nyote alikuwa Bi Polly. Amelala hapa mbele yetu, miaka themanini na minane, na saa tisa tumepanga kumpeleka makaburini tumlaze kando ya baba yetu. Nimepewa dakika ishirini za kumsemea. Mnisamehe nikitembeatembea hapa jukwaani, maana mnanijua, mama mwenyewe aliniita kiguu na njia tangu nina miaka mitatu, na leo ndiyo kabisa miguu haitulii.

Najua na ninyi hamtulii. Nani humu ndani ambaye hajatupa jicho dirishani tangu nianze kuzungumza? Mzee Walter, wewe umeangalia mara nne, nimekuhesabu. Mawingu yale ya magharibi nimeyaona hata mimi. Redio imesema mvua inaanza usiku huu na itanyesha siku nne mfululizo. Wengi wenu mmekwisha kuvuna, Mungu ashukuriwe, lakini ngano ya Metro, ekari mia nne, bado imesimama shambani. Imesimama kwa sababu wiki mbili ambazo mdogo wangu alipaswa kuwa juu ya kombaini yake, mashine ya kuvunia, alikuwa kwenye kiti cha hospitali, ameshika mkono wa mama. Mapema wiki hii ilikuwa na unyevu, isingefaa kuvunwa. Imekauka jana jioni. Ikinyeshewa siku nne itachipua masukeni, na jasho la mwaka mzima litaishia kwenye hori la ng'ombe.

Kwa nini basi tumekaa hapa tumevaa suti? Tumekaa kwa sababu Metro aliomba mazishi yasogezwe hadi kesho, na mimi nikakataa. Nitalifikia hilo. Kwanza niacheni nimsifu mama yangu, kwa maana nimesubiri siku hii muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Ndugu wageni waalikwa, ni nani aliyeongoza harusi za mzaha za mji huu kwa miaka arobaini? Kila ndoa ilipotimiza miaka ishirini na mitano na mji ukakusanyika kuwacheka wanandoa, wanaume wakavaa magauni na wanawake wakavaa makoti, bwana harusi wa kuigiza alikuwa nani? Alikuwa yeye, na masharubu yake ya mkaa wa jiko, na suruali ya baba aliyoikaza kiunoni kwa kamba ya kufungia marobota ya nyasi. Mheshimiwa Meya, ya kwako naikumbuka kama jana. Bibi harusi alikuwa Mzee Walter huyu hapa, kilo mia na ishirini, amejitanda mapazia ya ukumbi huu huu. Padri wa kuigiza alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, bwana harusi mwenyewe akanyoosha mkono.

"Mimi ninalo," mama akasema. "Huyu mwanamke hajanyoa."

"Loo, na wewe je?" Walter akamjibu kwa sauti nyembamba. "Masharubu yanakutiririka mpaka kidevuni! Mume gani wewe?"

"Ndiye uliyempata, bibie. Na nilivyokuona ulivyo, shukuru hata mimi nimekuja."

Mzee Arvid, mume wa Mheshimiwa, alicheka hadi ikabidi atolewe nje akapate hewa. Nasikia mnacheka sasa hivi, na nafurahi, kwa sababu mama angechukia sana kulala hapa mbele ya watu walionuna.

Tena, ni nani mwingine alinyang'anywa leseni ya gari na daktari akiwa na miaka themanini na minne, na kesho yake akaonekana barabara kuu amepanda mashine ya kukatia nyasi, amejifunga kitambaa chake chekundu, anakwenda zake dukani kunywa kahawa na wenzake? Polisi kijana, mgeni hapa, alimsimamisha.

"Bibi, hii ni mashine ya nyasi."

"Sawasawa, mwanangu. Nakwenda kukata nyasi."

"Nyasi za wapi, bibi? Hapa ni lami tupu."

"Ndiyo maana naenda mbali. Wewe hujafunga kifungo cha juu cha shati, nani anakufulia?"

Kijana yule aliishia kumsindikiza na taa za gari zikiwaka, naye mama akawa anapungia watu mkono kulia na kushoto. Yule pale nyuma, afande, namwona anainamisha uso. Usione haya, hatukuwahi kuwa na mtu hapa aliyemshinda.

Basi huyo ndiye Bi Polly wenu. Lakini sasa nawauliza, na naomba kila mmoja ajijibu moyoni: nani kati yenu aliwahi kumwona amekaa? Nasema kukaa kitako, mtu mwingine akimmiminia kahawa. Katika harusi alikuwa anachekesha, katika misiba alikuwa jikoni, wakati wa mavuno alikuwa anapeleka chakula mashambani mashamba matatu kwa siku, na pirohi, yale maandazi yetu ya viazi ya kuchemsha, za kila mkutano wa ukumbi huu zilipitia vidoleni mwake. Siku tuliyomzika baba, watu wamejaa hapa wanamsifu marehemu, mimi nilimkosa mama kwenye kiti chake. Nikamkuta jikoni anapaka mikate siagi.

"Mama, jamani, njoo ukae. Wanamsifu mumeo."

"Nimelala naye kitanda kimoja miaka hamsini na moja, wataniambia nini nisichokijua? Shika kisu, mikate haitoshi."

Nilishika kisu, lakini nilikasirika. Niliwakasirikia ninyi nyote mliokuwa mmekaa, na nikajiapiza kwamba siku yake yeye itakapofika, mji mzima utakaa kitako kwa ajili ya Polly Woroniuk, hakuna atakayeinuka, hakuna atakayeangalia saa. Hata akina mama wa jikoni niliwaambia leo waje wakae mbele. Mmewaona? Wamekataa.

Kwa hiyo Jumanne, Metro aliponijia jikoni kwa mama, kofia mkononi, mimi nilikuwa nimekwisha kujifunga kwa kiapo hicho.

"Dada, nipe Alhamisi tu. Tumzike Ijumaa, hata kama ni mvuani."

"Mama si trekta, Metro, kwamba tumwegeshe hadi upate nafasi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo."

"Unadhani mimi sina uchungu?"

"Ungekuwa na uchungu usingezungumzia ngano."

Hayo nilimwambia mtu aliyekaa na mama siku kumi na nne, mimi nikija mara moja moja na kuondoka kwa sababu siwezi kustahimili chumba cha hospitali. Alivaa kofia yake akatoka. Tangu hapo hajaniambia neno, na leo asubuhi tumebeba jeneza hili upande mmoja, yeye mbele na mimi nyuma.

Ndugu zangu, kwenye karatasi yangu hapa kuna kurasa mbili zaidi. Kuna safari ya mama ya kwenda baharini, kuna kisa cha bata mzinga na askofu. Ni visa vizuri, nilivisahihisha jana mara tatu. Siwezi kuvisoma. Tangu nimesimama hapa, kila nikigeuka upande huu naona jeneza na kila nikigeuka upande ule naona uso wa mdogo wangu.

Mheshimiwa Meya, Baba Padri, sikilizeni. Jumamosi mchana, siku moja kabla hajatutoka, Metro aliteremka kutafuta kahawa nikabaki peke yangu na mama. Akafumbua macho.

"Metro kamaliza?"

"Bado, mama."

"Ekari ngapi?"

"Mia nne."

"Haya, nisikilize, na usiende dirishani, simama hapa nikuone. Nikienda kabla haijaingia ghalani, mniache huko niliko mpaka iingie. Mimi nitakuwa na haraka gani? Sitaki Baba Padri aniombee huku watu shingo zimewageukia mawingu. Mwambie Metro, maana yeye hataomba mwenyewe, ataona aibu."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo."

Sikumwambia. Sikumwambia Jumamosi, wala Jumapili tulipokuwa tunalia pamoja, wala Jumanne aliposimama mbele yangu na kuomba, kwa aibu ile ile aliyoitaja mama, kitu ambacho mama alikuwa amekwisha kumpa. Nilijua na nikanyamaza. Nilijiambia namtetea mama, kumbe nilikuwa nadai haki yangu mimi: nilitaka siku yangu ya kumwona mama anaheshimiwa, na nikawa tayari kuilipia kwa ngano ya mtu mwingine. Metro, ulikuwa na uchungu. Uchungu wako ulikuwa na akili kuliko wangu. Nakuomba radhi mbele ya mama na mbele ya watu hawa wote, na sijui kama inatosha.

Sasa ni saa saba na robo. Naomba nijibiwe kwa sauti, hata kama si desturi kwenye msiba: kombaini ziko ngapi humu ndani? Walter, yako iko wapi? Haya, moja. Akina Aasen mbili. Nani huko nyuma? Nyoosheni mikono juu, msione haya. Tano, sita... Nimehesabu tisa, na malori kumi na moja. Kwa ekari mia nne hiyo ni kazi ya saa nne tano, na mvua haianzi hadi usiku. Baba Padri, ninaomba ruhusa yako tumzike kesho. Ameitikia kwa kichwa. Ahsante, Baba, wewe nawe ni mtoto wa mkulima. Akina mama, vyakula vile vifungeni kwenye makopo vipelekwe shambani, watu watakula juu ya mashine. Msirudi nyumbani kubadili nguo. Suti zitafuliwa.

Metro, usije huku mbele, mdogo wangu, nitalia na tutapoteza nusu saa. Tangulia, uwaonyeshe waanzie wapi.

Mheshimiwa Meya, Baba Padri, ndugu na majirani, nawashukuru kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Inukeni, nendeni. Mama asiachwe peke yake. Nitakaa naye mimi.