Mama Hakikisha na Slaidi ya Ziada

Ijumaa hii, tarehe 30, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Hakikisha anavua koti jeupe na kukabidhi ufunguo wa friza. Jina hilo la utani alilipata kihalali: neno lake la kwanza asubuhi lilikuwa hakikisha, na la mwisho jioni lilikuwa hilohilo.

Alianza kwa kuosha chupa katika chumba namba nne. Miaka mitatu baadaye alikuwa fundi wa maabara, akitayarisha slaidi, vile vioo vya kuwekea seli, za utafiti wetu wa kunusa. Pua ya binadamu ina vipokezi, protini za kunasa harufu, vya aina karibu mia nne, na vingine vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Ili kukiona kimoja tunatumia kingamwili, protini nyingine inayonata kwa hicho tu na kung'aa kijani chini ya hadubini. Ikinata kwa kipokezi ndugu yake, nasi tumepotea.

Vituko havikukosekana. Manukato aliyapiga marufuku chumbani mwake, ingawa seli zilizokufa kwenye kioo hazinusi kitu. Mkuu wa maabara mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni akanawe shingo, akaenda bila ubishi.

Lakini desturi yake kubwa ilikuwa slaidi ya ziada. Kila alipopaka kingamwili kwenye seli zenye kipokezi tunachokitafuta, alipaka pia kwenye seli zisizo nacho. Hizo zilitakiwa kubaki giza, na kwa miaka mitatu zilibaki giza. Sisi tukaridhika, yeye hakuridhika. Akaomba seli zenye kipokezi ndugu, akazisubiri miezi saba. Jumanne moja, miaka kumi na tisa iliyopita, akazipaka, nazo zikang'aa kijani.

Mimi nilikuwa mwanafunzi hapa. Tasnifu yangu, iliyosimama juu ya kingamwili hiyo, ilikuwa imeshajalidiwa, na zilibaki wiki mbili niitetee. Mkataba wa Mama nao ulitegemea mradi huohuo. Angenyamaza, nani angemuuliza? Kabla ya chakula cha mchana slaidi ilikuwa mezani kwa mkuu. Mradi ukasimamishwa, na Mama akafanya kazi nusu siku mwaka mzima, ana watoto wawili shuleni.

Siku ile nilimwambia mbele ya wote kwamba mwosha chupa arudi kwenye chupa zake. Naona haya kuyaandika haya, lakini msema kweli mpenzi wa Mungu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Afadhali ulie wewe leo, mwanangu, kuliko aje kulia mgonjwa asiyekujua."

Kingamwili mpya ilituchukua miaka minne. Yeye ndiye aliyeijaribu kwa seli zenye vipokezi ndugu, moja baada ya nyingine, zote zikabaki giza. Ndiyo tunayoitumia hadi leo kuchunguza watu waliopoteza uwezo wa kunusa.

Nami nikaandika tasnifu upya. Katika ukurasa wa shukrani niliwataja watu kumi na mmoja, hadi fundi aliyetutengenezea friza. Mama Hakikisha sikumtaja. Haikuwa kusahau, ilikuwa kinyongo. Nakala aliyopewa ameiweka juu ya sinki lake miaka yote hii, na hajawahi kuniuliza.

Jumatatu alipokuwa akisafisha droo aliniletea slaidi ile ya Jumanne, imefungwa kwa karatasi laini. Niliiweka chini ya hadubini. Mng'ao umekwisha kabisa, ila tarehe aliyoandika kwa mkono wake bado inasomeka.

Mama, kwa niaba ya maabara nzima, asante. Tumekununulia chupa ya manukato. Jipake utakavyo, hakuna wa kukurudisha mlangoni. Mungu akupe afya, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Kwa niaba yangu mwenyewe, huu ndio ukurasa wa shukrani niliokunyima, na wewe ni wa kwanza humu. Uniwie radhi, Mama.