Kiraka Ndani ya Jicho

Saa kumi jioni jua huwa limelegea, na ukuta wa njano nyuma ya benchi la kijiweni hung'aa hadi mtu akasinzia macho wazi. Hapo hukaa Kinyozi, ambaye hajawahi kushindwa ubishi. Profesa, muuza magazeti anayesoma vichwa vya habari tu na kujimalizia mwenyewe. Na Fundi Saa, mzee mpole aliyetengeneza saa za mtaa mzima miaka arobaini. Wiki hiyo Fundi alikuwa amepimwa jicho la kulia na daktari mtafiti wa macho na ubongo, mwenye chumba chake ng'ambo ya barabara. Jicho lilikuwa linafifia, na vipimo ndivyo vingesema kama anastahili matibabu mapya. Wenzake aliwaambia amekwenda kushangaa mashine tu.

— Ziba jicho la kushoto, Fundi alimwambia Profesa, aliyekaa kwenye kigoda upande wa pili. Kodolea ule msumari ukutani. Usimtazame Kinyozi.

— Naukodolea. Kinyozi, sogea kulia kwangu kidogo. Kidogo tena. Lo! Kichwa hakipo!

— Kichwa cha nani?

— Chako! Limebaki shati linaongea.

— Na kilipokuwa pana nini? Shimo?

— Wala. Pana ukuta. Mzima, hata ufa hauna.

Fundi akacheka, akawaeleza alivyoelezwa: nyuma ya jicho pana retina, utando mwembamba unaodaka mwanga. Mahali mshipa unapotokea kwenda ubongoni, utando hauoni kitu. Ubongo hutia kiraka hapo kwa rangi ya jirani.

— Kumbe ubongo ni fundi cherehani, alisema Profesa.

— Tena mjanja, Kinyozi akadakia. Asiyekuwepo na lake halipo! Leo mke wangu akiniuliza jana nililala wapi, namwambia nilikuwa kwenye kiraka.

— Wewe unacheza, Profesa alimjibu. Mimi nasema mtaa wote huu umeshonwa. Barabara inaishia pale kwa muuza mkaa, huko mbele tunajaziwa tu.

— Na watu tunaowaota je?

— Si ndio wanakaa humo kirakani! Haba na haba hujaza kibaba.

— Basi marehemu mama yumo, Kinyozi alisema taratibu. Kuna siku nageuka ghafla, nahisi alikuwa hapa sasa hivi.

Hakuna aliyemcheka. Fundi akaziba jicho lake zima, la kushoto. Kinyozi akatoweka, kisha Profesa, kisha benchi. Hakuona giza. Aliona njano tupu, tulivu, ya kupendeza, na uzuri wake ndio uliomtisha.

Daktari akavuka barabara na karatasi mkononi.

— Shikamooni wazee wangu. Fundi, naomba tuzungumze pembeni.

— Marahaba, mwanangu. Sema hapa hapa, hawa ndugu zangu.

— Majibu yako yamenishangaza. Kila nukta ya mwanga umebonyeza kitufe. Hukukosa hata moja.

— Mwenye macho haambiwi tazama! Kinyozi akapiga makofi.

— Kwa majibu haya jicho ni zima, na wazima siwatibu. Ila nukta tano niliziangusha makusudi pale kwenye kiraka, ambapo hakuna jicho la binadamu linaloona. Nazo umebonyeza. Uliziona vipi, baba?

Profesa akakunja gazeti. Kinyozi akamgeukia Fundi. Fundi peke yake alijua. Kila nukta ilitanguliwa na mlio mdogo wa mashine, baada ya muda ule ule, kama saa kuu ya ukutani. Kidole chake kilienda na mlio. Aliona aibu kukaa kwenye giza la chumba cha vipimo bila kubonyeza, yeye aliyezoea kutengeneza vitu vidogo kuliko punje ya mchele.

— Sikuziona, alisema. Nilizihesabu. Mashine yako inagonga kila sekunde mbili, mwanangu. Niliogopa ukijua utaniambia niache saa.

Daktari hakukasirika. Alichuchumaa mbele yake, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja.

— Na sasa hivi, unaona nini?

Fundi alitafuta uso wa daktari muda mrefu.

— Ukuta, alisema. Mzima. Hata ufa hauna.

Daktari akamshika mkono, wakavuka barabara kwenda kupima upya.