Mikono ya Sista Honorata

Sista Honorata Bukuru anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi na ukunga. Nimeombwa kumwandikia mimi, Mama Shadia wa usafi, wodi ya wazazi. Nikasema mimi nimeishia darasa la saba, wakasema andika hivyo hivyo.

Alizaliwa Kalinzi. Alianzia kazi zahanati za kando ya ziwa, huko ambako mama mwenye uchungu huletwa kwa mtumbwi, kisha akahamishiwa Kigoma mjini. Miaka hii ya mwisho alipewa kusimamia wanafunzi wa chuo wanaokuja wodini kujifunza kwa vitendo.

Wanafunzi walimpa jina, Mikono Nyuma. Mwanafunzi akimhudumia mama, Sista anasimama karibu, mikono ameifunga mgongoni, anatazama. Akiileta mbele ujue umeharibu, anashika kazi mwenyewe. Siku moja kantini alinyoosha mkono achukue chapati, mwanafunzi mmoja, Meshack, akaruka nyuma: "Samahani Sista, narudia." Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Lakini chuo kilipokuja kuwauliza kama wanaridhika na usimamizi, hawakucheka. Walisema anawatazama kama askari kwenye chumba cha mtihani. Wa kwanza kusema alikuwa binti yangu Shadia. Nyumbani Ujiji akaniambia, "Mama, wasiponihamishia kwa msimamizi mwingine, chuo naacha." Roho yangu ikawa juu. Kwetu hakuna mwingine aliyefika chuo.

Wiki ile ile, asubuhi, mama mmoja akajifungua na mtoto hakulia. Shadia ndiye aliyempokea. Mimi nilikuwa nyuma yao na dekio langu. Akamlaza mtoto mezani, akamfunika pua na mdomo kwa kile kibarakoa cha kumpa hewa, akaminya mfuko wake. Kifua hakikupanda. Nikasema moyoni, Sista, shika wewe, mtoto atamfia mwanangu. Sista akasema taratibu, "Kidevu, Shadia. Kiinue kidogo."

Wanafunzi humwona Sista usoni, na uso ule hausemi kitu. Mimi nilikuwa mgongoni kwake. Niliiona mikono: mmoja umeukamata mwenzake kwa nguvu, kama mtu anayezuia ng'ombe asikate kamba. Shadia akainua kidevu, akaminya. Kifua kikapanda. Kikapanda tena. Mtoto akalia, na Sista akaachia mikono, akaipangusa jasho kwenye gauni.

Jioni nilimsimulia Shadia nilichokiona. Akaendelea kuchambua dagaa. Baadaye akasema, "Bado ananiogopesha. Ila wasinihamishe."

Sasa Sista anaondoka na Shadia bado ana miezi ya vitendo mbele yake. Jumatatu ataingia zamu na msimamizi mgeni, na mimi nitakuwepo nadeki. Sijui kama nitaweza kutazama. Nimeshaamua, ikifika pabaya dekio nitaliegemeza ukutani, nifunge mikono nyuma, niikamate kweli kweli.

Wewe Sista, ya kwako ifungue. Kalinzi kuna kahawa ya kuchuma na wajukuu wanaotaka kubebwa. Asante kwa kusimama nyuma ya watoto wetu. Ustaafu salama, na ukiwa na nafasi ushuke utuone.