Kapteni Adelard Kasimiri na Kuku wa Namkonde

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1985, Ndugu Adelard Kasimiri, rubani mkuu wa Kitengo chetu cha Ndege za Huduma, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba kazini. Wahariri wa jarida hili wameniomba mimi, Mauwa Hija wa chumba cha redio, niandike wasifu wake, eti kwa kuwa nimemsikiliza kuliko mtu yeyote, ukimtoa mkewe. Ni kweli. Nimemsikia akiomba kutua, akiulizia mawingu, na akiimba nyimbo za kwaya huku kasahau kuzima redio. Kwa urubani ni hodari. Kwa uimbaji, tumwachie Mungu.

Alizaliwa Ziwa Magharibi, akaja Dar es Salaam akiwa kijana, na mwaka 1958 akaajiriwa uwanja wa ndege kama mpakia mizigo. Uhuru ulipopatikana na nchi ikataka marubani wake yenyewe, alikuwa miongoni mwa wachache waliopelekwa ng'ambo kusoma. Alirudi mwaka 1964, akakabidhiwa ndege ya injini mbili na ramani ya vijiji ambavyo masika yakianza gari halifiki. Tangu hapo amebeba wagonjwa, wauguzi, dawa, mbegu, vitabu vya kisomo, na ndama mmoja wa mradi wa maziwa ambaye wasafisha ndege wetu hawapendi kukumbushwa.

Huduma ilikuwa bure, lakini vijijini huwezi kubebewa mgonjwa wako ukamwacha aliyembeba aondoke mikono mitupu. Mwaka wake wa kwanza Ndugu Adelard hakulijua hilo. Alipopewa kuku alikataa kwa adabu, akidhani kanuni za kazi hazimruhusu. Wazee wa kijiji waliamuru mgonjwa ashushwe. Ndege haikuondoka mpaka kuku alipopanda, ndipo mgonjwa naye akarudishwa. Kuanzia siku hiyo akawa anapokea, na akitua Dar anataja abiria redioni bila kuruka mtu: wazima watatu, mgonjwa mmoja, kuku wawili.

Kuku wote waliishia Temeke, nyuma ya vyumba viwili vya kupanga alimoishi na mkewe, Mwalimu Apolonia, na watoto wao wanne. Mwalimu aliwajengea banda na kuwalisha, akilalamika kila siku. Alichokitaka yeye ni nyumba. Walikuwa na kiwanja Sinza na msingi ulishachimbwa, ila kwa mshahara wa rubani wa serikali, kilichokuwa kikipanda pale ni magugu tu.

Mwaka 1974 shirika moja la ndege la Ghuba lilimwita akarushe ndege kubwa. Nisifiche, mshahara ule ulitutia kizunguzungu sote hapa ofisini. Nyumba ya Sinza ingeezekwa kabla ya mwaka kwisha. Wenzake wawili walishakwenda, na hakuna aliyewaona wajinga. Ndugu Adelard alipewa hadi mwisho wa mwezi kujibu. Alikonda. Alituambia kantini kwamba anazipenda pesa kama mtu mwingine yeyote, tena ana watoto wa kusomesha. Lakini alichokipenda katika kuruka ni kumpeleka mtu amelala na kumrudisha anatembea, na hiyo huko hawakuwa nayo. Mwalimu Apolonia alikuwa na jibu moja tu, twende. Naye Ndugu Adelard akakubali. Alibakiza kuandika barua tu.

Wiki hiyohiyo Mwalimu alipangiwa kwenda kufunza walimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha Namkonde, upande wa Liwale. Barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo alipanda ndege ya mumewe kwa mara ya kwanza maishani. Yaliyotokea huko ametusimulia mwenyewe, na hachoki.

Walipotua, wanawake walikuja mbio, wakampita rubani, wakamzunguka yeye. Kumbe kwa masimulizi ya mumewe, kule alikuwa mashuhuri. Wakamwita Mama Kuku. Kila mmoja alikuwa akiulizia kuku wake. Mama mmoja, Yustina, ambaye mumewe alipelekwa hospitali mwaka uliotangulia akiwa hajitambui na sasa alikuwa shambani analima, alimshika mkono.

“Shikamoo Mama Kuku. Yule kishingo wangu hajambo? Bado anataga?”

Kishingo, yule mtetea wa shingo isiyo na manyoya, alikuwa ameliwa na wali siku ya Pasaka.

“Marahaba,” Mwalimu akajibu. “Hajambo. Anataga.”

Alipomaliza mafunzo alirudi Temeke. Usiku alimwambia mumewe: “Waandikie hao Waarabu hatuendi. Kuku wake nimeshamla. Na rubani nimwondolee?”

Hawakwenda. Isionekane ilikuwa rahisi. Wenzao walirudi na magari. Wao walibaki kwenye vyumba viwili kwa miaka kumi zaidi. Niliwahi kumuuliza Ndugu Adelard kama alijuta. Akasema ndiyo, kila akiwa kwenye foleni ya sukari. Lakini nyumba ya Sinza ilipanda, polepole, kwa mshahara wake, mshahara wa Mwalimu na mayai, na mwaka jana iliezekwa. Kitengo chetu nacho kilipata rubani aliyefunza marubani saba wanaoruka leo. Najivunia kusema kwamba nilikuwa upande wa pili wa redio.

Mwezi huu alifanya safari yake ya mwisho, akaomba iwe Namkonde. Yustina alimngojea pembeni mwa uwanja pamoja na mumewe, mkononi kashika kishingo mwingine. Ndugu Adelard, mtu wa miaka hamsini na mitano, alipotaja abiria wake redioni sauti ilimkatika alipofika kwa kuku. Nilimjibu nimempata vizuri, nami sikuwa naona vizuri.

Asante, Kapteni, kwa wote uliowarudisha wakitembea. Asante, Mwalimu, kwa kutuachia. Kakaeni salama Sinza, mle matunda ya jasho lenu. Ila huyo kishingo, kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunaomba azeeke.