Nilivyomfundisha Mwanangu Kukataa Chakula

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Naomba niseme nikiwa nimeketi. Si dharau. Mwenyekiti wa kikundi chetu aliponiambia nije kusema habari za jiko langu, niliandika karatasi nzima, nikaichana, nikaandika nyingine, nikaichana. Leo nimekuja bila karatasi. Majina sitataja, hata la mwanangu.

Mnanijua, mimi ni mtu wa Mnyambe niliyeolewa hapa Newala mjini. Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja kugombania korosho zetu, mume wangu alipata kazi ya kuendesha lori. Msimu mzima yuko njiani, mara Masasi, mara Mtwara, anarudi kulala siku mbili, anaondoka. Maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tumevisahau: mchele, sukari, mafuta ya kula ya kopo. Watu walifurahi. Mimi mwaka huo nilizika.

Mtoto wangu wa pili aliishi siku sita. Hapo sitaongeza neno. Hakuna aliyesema nilikosea, lakini mwenyewe nilijisema kila nikiamka. Nilibaki na binti wa miaka mitatu, nikaapa huyu hatadhurika kwa uzembe wangu.

Upishi sikufundishwa shule. Nilikuwa na daftari. Nikisikia mapishi redioni naandika, nikimwona mke wa mwalimu, mgeni wa kutoka Kilimanjaro, anapika kitu kizuri, nauliza, naandika. Daftari lilisema maharage ya mtoto yamenywe ngozi, nami niliyamenya, moja moja. Halafu makopa. Muhogo wetu ukianikwa hushika madoa meusi, hilo halimshangazi mtu hapa. Ninyi mnakwangua kidogo, mnatwanga, mnasonga ugali, mnakula. Mimi nilitaka ugali wa muhogo uwe mweupe kama sembe ya maofisa. Nilikwangua kila doa, kisha nikaosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwa Newala hii! Ndoo niliyoipangia foleni tangu alfajiri naimwagia makopa, na mtoto akiomba maji ya kunywa namwambia subiri.

Chakula kikiiva nampakulia kwenye sahani yake peke yake, nakaa mbele yake, namtazama mdomo.

"Sitaki, mama. Kuna cheusi."

Natafuta, nakiona, chembe kama mchanga. Nakitoa. Anatikisa kichwa. Basi nawamwagia kuku, naanza upya. Mara mbili, mara tatu kwa siku. Watoto wa jirani walikuwa wakila sinia moja barazani kwao na kumwita, nami nikamkataza. Niliogopa mikono yao.

Kliniki wakamning'iniza kwenye mzani, nesi akachora kwenye kadi, mstari ukashuka. Mwezi uliofuata ukashuka tena.

"Mama, huyu unampa nini?"

Nikatoa daftari nimsomee. Akanikatiza.

"Sikuulizi unapika nini. Nauliza anakula nini."

Nikalifunga daftari. Akasema mwezi ujao mstari ukishuka tena, mtoto analazwa. Nilirudi nyumbani nimembeba, mwepesi kama kikapu kitupu, nikiwaza lile kaburi dogo kule Mnyambe na nafasi iliyobaki kando yake.

Wiki ile nguvu ziliniishia. Haikuwa homa. Nilikaa kwenye mkeka naitazama ndoo tupu mlangoni, najiambia sasa nainuka, siinuki. Siku ya pili hivyo hivyo, na mtoto amelala ubavuni kwangu, hata kulia halii. Adhuhuri nikasikia hodi. Alikuwa somo yangu, yule mama aliyenisimamia unyagoni, ametoka Mnyambe na kikapu chake kichwani.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Mbona jiko baridi? Unafunga, na Ramadhani bado?"

Nikaanza kulia. Akatua kikapu, akaokota daftari. Kusoma hajui.

"Hili linasemaje?"

"Maharage yamenywe ngozi."

"He! Maharage nayo yanakwenda jandoni?" Akacheka peke yake, akaliweka daftari juu ya kabati, nisikofika. "Maji yapo?"

"Ya kunywa tu. Kidogo."

"Yanatosha."

Akawasha moto, akamenya muhogo mbichi aliouleta kikapuni, akaukata vipande, akautia kwenye sufuria. Juu yake kitunguu kimoja, chumvi, na konzi ya korosho zilizovunjika alizoziponda juu juu tu. Akamimina yale maji, akafunika. Hakukoroga. Alikaa akanisimulia nani kaolewa na nani kaachika, mpaka muhogo ukalainika na korosho zikafanya rojo zito. Akapakua kwenye sinia, akaliweka chini uani, akawaita watoto wa jirani. Mwanangu hakumwita. Hakumtazama hata.

"We, unaogopa muhogo?" kitoto kimoja kikamwuliza. "Tutakumalizia!"

Mwanangu akasogea. Akachukua kipande, na mimi nikaona: kimegandwa na ngozi ya korosho iliyoungua, nyeusi tii. Naye akaiona. Akakiinua kile kipande. Kisha, ndugu zangu, hakukitazama tena. Alinitazama mimi. Alikuwa anasubiri uso wangu umwambie.

Nawaambia, nilihisi kama nimepigwa. Mtoto hakuzaliwa anachagua chakula. Miezi yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikipekua sahani yake kama mtu anayetafuta nyoka ndani ya kuni, naye akajifunza kwangu kwamba chakula ni kitu cha kuogopwa.

Nilikuwa nimeshainuka nusu. Somo akanishika upindo wa khanga.

"Kaa."

"Somo, kuna..."

"Nimeona. Kaa. Tazama barabarani."

Nikageuza uso. Nimebeba ndoo kutoka bondeni nikiwa na mimba, lakini sijawahi kufanya kazi nzito kama kutazama barabara ile. Nilisikia watoto wakigombania. Nilipogeuka, mkono wa mwanangu ulikuwa mtupu na taya zinatafuna.

Alikula vipande vitatu. Msidhani mambo yaliisha hapo. Kesho yake alikataa uji, keshokutwa akala kidogo, kisha akakataa tena. Somo alikaa nasi siku tisa. Mwezi ulipofika, mzani haukupanda, ila haukushuka pia. Nesi akatazama kadi, akasema, "Haya, tumwache arudi nyumbani." Nikatoka nje nikakaa chini na nguo zangu safi. Kupanda kulikuja baadaye, taratibu.

Namshukuru somo yangu. Namshukuru nesi aliyeniuliza swali nisilolitaka. Jirani aliyemfungulia mwanangu nafasi kwenye sinia lake kila siku tangu hapo, baada ya mimi kuiogopa mikono ya wanawe, Mungu amlipe, na mume wangu aliyekula muhogo wa sufuria moja siku nyingi bila kuuliza ugali uko wapi.

Sijapona kabisa. Siku zile bado zinanijia, hasa msimu wa korosho nyumba ikiwa tupu. Zikija, napika kitu kimoja, sufuria moja, na kama hicho nacho kimenishinda, tunakula njugu mawe zilizochemshwa jana, na siku inahesabika kuwa tumekula. Nilichojifunza ni kwamba chakula cha kawaida kilicholiwa kinakipita mbali chakula safi kilichomwagiwa kuku. Weka sinia chini, waite wenzake, kisha mwache mtoto na mkono wake.

Nina ombi, nimalizie. Huenda kuna mama hapa ambaye jiko lake lina siku mbili halijawaka. Asisimame, asiseme kitu. Tukitoka aniguse bega tu. Nitakuja na muhogo wangu na maji yangu, na sitamwuliza kwa nini hajafagia.