Fungua Wewe Kwanza

Ndani ya tramu ya Aleksandria, Bi Ragaa alikuwa akisubiri matokeo ya ufadhili wa shule moja ya sekondari. Bila ufadhili huo, bintiye Nirmin asingeiona shule ile ila kwa nje. Bwana aliyeketi pembeni akaichungulia simu ya mama huyo, akauona ukurasa wa ufadhili.

"Kumbe na wewe unasubiri? Mwanangu Shadi nafasi yake iko mfukoni."

"Basi ushone huo mfuko, haji, maana binti yangu ana mkono mrefu."

"Mama, una maneno wewe!"

Mara simu zote mbili zikalia: ujumbe umeingia. Wakatazamana.

"Haya, fungua."

"Fungua wewe mwenye uhakika!"

Wakabishana mpaka tramu ikasimama mwisho wa reli, na hakuna aliyefungua.

"Ulikuwa unashukia wapi?" bwana akauliza kwa upole.

"Tumepapita zamani."

"Hata kwangu tumepapita," akasema, na hakuna aliyeinuka.